Kasi Aliyoipunguza Kaltuma

Kaltuma alikuwa mpiga video za harusi pale Makina, Kibera, lakini kazi ya Ijumaa ile ilikuwa ya msiba. Jirani yake Nanyama, ambaye alizoea kumwita Mama Kevin, muuza nguo za watoto Soko la Toi, alikuwa amefiwa na mumewe Khamala, fundi wa kuchomelea milango. Jioni watu wangekutana mtaani Kawangware, karibu na kituo cha 46, nyumbani kwa kaka wa marehemu, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Bungoma. Nanyama aliomba video zilizokuwa kwenye simu za watu ziunganishwe, wamwone Khamala akiwa mzima.

Kompyuta ya Kaltuma ilikuwa ya mtumba. Kakake Abdelrahim alikuwa ameisukuma prosesa, moyo wa mashine, ikimbie kasi kuliko ilivyotengenezwa, na miezi ya baridi ikaenda bila shida. Sasa ilikuwa Februari, mabati yanachoma. Kila kazi ya kuunganisha filamu ilipofika karibu nusu, mashine ilijizima.

Akampigia Abdelrahim. Akaambiwa prosesa inakosa nguvu, aipandishe volteji kutoka 1.30 hadi 1.40.

"Hapo itashika tu," Abdelrahim alisema.

Kaltuma hakuruka hadi huko. Aliweka 1.35 akakaa akitazama joto. Likapanda mpaka karibu nyuzi mia, na mashine ikajizima mapema kuliko mwanzo. Hapo akaelewa. Kasi ile ilitaka volteji nyingi, volteji ikaleta joto, na joto lenyewe halikuwa na pa kwenda ndani ya chumba kile. Akiendelea kupandisha ataiunguza, na hakuwa na nyingine.

Nanyama alikuwa ameketi kitandani, leso begani. Kaltuma aliona vibaya kumwongezea machungu, lakini kumficha ukweli kungekuwa kubaya zaidi.

"Mama Kevin, nikiilazimisha itakufa na utatoka hapa mikono mitupu. Nikiipunguza kasi itamaliza, ila polepole. Si video zote zitakazoingia leo. Itabidi tukate."

"Punguza," Nanyama akasema.

Kaltuma akashusha kasi, na volteji nayo akaishusha hadi 1.20. Akawasha programu ya kuipima mashine kwa kazi nzito. Ikatoa makosa. Akaongeza kidogo, 1.22, ikapita. Akaongeza tena kidogo, isibaki imesimama ukingoni, maana ilikuwa bado mchana na joto lilikuwa linaongezeka. Akaipima upya na kuiacha ikivuma. Safari hii joto lilipanda, likatulia.

Wakisubiri kipimo kiishe, Nanyama alichagua video za kuingia. Aliondoa hotuba za kanisani, akaondoa hata harusi yao, kwa sababu siku hiyo Khamala alikuwa amejikausha kama polisi. Akafika kwenye video ya mumewe akijaribu kumsuka binti yao, kitana mdomoni, mtoto akimlalamikia.

"Hii usikate popote," alisema, akajifuta macho kwa leso.

Kaltuma akamshika mkono, akangoja mpaka alipoweza kuendelea. Walipomaliza kuchagua, akaianzisha mashine iunganishe.

Abdelrahim alifika akiwa amebeba feni. Alipoona kasi imeshushwa, alitaka kubisha, lakini akamwona Nanyama, akaacha. Akafungua ubavu wa kompyuta, akaielekezea feni, na kukaa hapo akiishikilia hadi faili likakamilika.

Kule Kawangware filamu ilionyeshwa kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Ilikuwa fupi, na Kaltuma aliona aibu ilipokatika ghafla, watu wakiwa bado wametulia kutazama. Mama yake Khamala akaomba irudiwe. Ilipoisha mara ya pili, mzee mmoja akaanza kueleza jinsi Khamala alivyomtengenezea mlango ukakataa kufungika, na watu wakacheka. Mwingine akapokea. Nanyama alisikiliza, kikombe cha chai mapajani, na safari hii naye akachangia la kwake.

Baada ya mazishi Kaltuma alimalizia video zilizobaki. Zilichukua muda mrefu, lakini mashine haikujizima.