Hapo Sijaelewa, Mwalimu

Darasani walimbandika jina la Kimya, na jina likamkaa. Tangu atoke kwao kuja kusomea ufamasia ugenini, mwaka mzima uliyoyoma hajanyoosha mkono hata mara moja. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito, thubutu! Mitihani ya kuandika aliimaliza wenzake wakiwa bado wanakuna vichwa. Ila somo la vipimo vya dawa lilikuwa na alama za kuchangia darasani, na kwenye safu hiyo Kimya alikuwa na sifuri. Leo ndiyo siku ya mwisho. Akitoka na sifuri hiyo, somo limeanguka, ufadhili umekatwa, na safari ni ya kurudi kwa baba yake.

Baba mwenyewe ni mwalimu, na ndiye aliyemlea hivyo. Kwao mkubwa haambiwi amekosea, hata iweje. Ukiona kateleza, unamwomba akueleweshe tena, mpaka aone mwenyewe.

Mhadhiri, mzee mwenye haraka zake, aliandika ubaoni: mtoto wa kilo kumi na mbili, miligramu kumi na tano kwa kila kilo. Jibu: 1800. Darasa zima likanakili, kalamu mbio mbio. Kimya moyo ukampasuka paa! Dozi hiyo ni mara kumi ya inayotakiwa. Mkono ukapanda wenyewe.

"Samahani, mwalimu. Hapo sijaelewa."

Mhadhiri akarudia bila hata kugeukia ubao. "Unazidisha tu, binti. Umeelewa?"

"Samahani, bado."

"Makubwa!" akadakia mmoja wa nyuma. "Siku Kimya anafungua mdomo, kumbe hajui kuzidisha!" Darasa likaangua kicheko. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini mkono haukushuka.

"Nisamehe, mwalimu. Nieleweshe hiyo sifuri ya mwisho."

Mzee akageuka, akautazama ubao. Kisha akaifuta kwa kidole.

Darasa lilipotawanyika akamwita, fomu ya alama mkononi. "Uliona tangu mwanzo?"

"Nilikuwa sijaelewa, mwalimu."

"Alama hizi ni za mtu mwenye hoja, si za mtu ambaye hajaelewa. Sema tu kwamba nilikosea, niandike, yaishe."

Kimya akainamia viatu vyake. Neno lenyewe dogo, na lingemwokoa. Akalitafuta mdomoni, akalikosa. "Nilikuwa sijaelewa," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Mzee akaguna. Akachukua kalamu ya ubao, akairudisha ile sifuri aliyoifuta, akamtia Kimya kalamu mkononi. Kisha akaenda kujibanza kwenye dawati analokalia binti siku zote, fomu akaikunjua mbele yake.

"Samahani, mwalimu," mzee akasema. "Hapo sijaelewa. Naomba unieleweshe."