Vikombe Viwili vya Chumvi

Mwaka ule soko huria liliporuhusiwa, duka la Kasim pale Kiwira lilijaa kila kitu isipokuwa shilingi tano. Bei ya kikombe cha chumvi, Kasim aliapa, haijapanda hata kidogo: ni kumi na tano ileile. Ila sarafu ya tano haionekani tena, kwa hiyo ulipe ishirini, au uje na mwenzako mchukue viwili kwa thelathini.

Sekela alikuwa na kumi tu. Mama yake amefika kutoka Kisiba, mara ya kwanza tangu harusi, na kumwekea maharage yasiyo na chumvi ni kumwambia wazi kwamba alimwozesha kwenye nyumba ya njaa.

"Tafuta mwenye ishirini," Kasim akamshauri.

Mwenye ishirini akaingia. Masikini Sekela! Alikuwa Mzee Anyelwisye, baba mkwe wake. Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Akimwona njiani anajitupa migombani. Miaka minane Sekela amempikia mzee huyo, chakula kikipelekwa na watoto. Akachutama nyuma ya gunia la sukari.

Kasim, biashara mbele, akatundika kanga ya kuuza katikati ya duka. "Mzee, nyuma ya pazia yuko mkamwana wako, ana kumi. Wewe ishirini utaitoa tu, uwe naye usiwe naye. Mkiungana, kila mtu na kikombe chake."

Mzee akakohoa. "Mwambie chakula chake siku hizi hakina chumvi. Ndiyo maana nanunua yangu, naificha mfukoni."

Kasim akageukia pazia, akarudia yote kwa sauti ya mnadani, kana kwamba Sekela yuko Tukuyu.

"Mwambie tangu tano ipotee, chumvi naipima kwa ncha ya kidole," Sekela akanong'ona.

Hilo nalo likanadiwa vilevile. Mzee akaweka ishirini yake mezani.

"Basi mpe vikombe vyote viwili. Changu kitaishia kwenye sufuria yake hata hivyo."

Machozi yakamtoka Sekela. "Ndaga, tata!" Asante, baba: likamponyoka kwa sauti, duka zima likasikia. Akajiziba mdomo.

Kasim akababaika. "Nimfikishie, mzee?"

"Ufikishe nini? Mimi sijasikia kitu," mzee akasema, akielekea mlangoni. "Ila mjibu, 'Karibu.'"