Ng'ombe wa Kampuni

Yudith alikuwa ameweka uji mezani, hata kijiko hajashika, mtambo ulipoanza kulia. Taa nyekundu ikawaka kwenye kioo: behewa la tisa, gurudumu la kushoto, beringi ina moto.

"Umeanza tena," alisema, akausukuma uji pembeni.

Mtambo huo ulifungwa mwaka jana kando ya reli, chini ya milima, mwendo mfupi kabla ya kituo anachosimamia, na kengele yake ikawekwa ofisini mwake. Kazi yake ni moja tu: treni ikipita, unapima joto la magurudumu, ili beringi inayoungua ijulikane kabla haijakatika na kuangusha mabehewa. Siku ya uzinduzi wakubwa walikata utepe, wakala pilau, wakapiga picha. Kisha mtambo ukafanya kosa la kufanya kazi. Treni zikachelewa, wenye mizigo wakafoka, na amri ikaja kutoka Tanga: sauti yake ipunguzwe, na treni isisimamishwe mpaka fundi athibitishe. Fundi mwenyewe yuko Dar es Salaam, na sura yake haijulikani.

Hata hivyo alishika redio, akamwita bosi wake aliyeko Tanga, Edgar.

"Bosi, treni ya mafuta inakuja, beringi imewaka."

"Nani kasema?"

"Mtambo."

"Dada Yudith, si tulishaongea? Pitisha treni."

"Ni mafuta, bosi!"

"Pitisha! Ukinisimamishia tena treni kwa hicho kisanduku, utarudi kwenu Mtae ukalime viazi."

Mbele ya kituo ni Mombo, na Mombo kuna shule ya bintiye, Glory, iliyopakana na reli. Saa hizo watoto wako mapumzikoni, wamejipanga ukutani kuipungia treni. Yudith alinyakua bendera nyekundu, akatoka mbio.

Treni ikasimama kwa kelele. Dereva, mzee Zahoro, akachungulia.

"Shikamoo," alisema Yudith akihema. Hata katika hali ile hakuweza kuiruka salamu.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ng'ombe."

Zahoro akatazama reli, nyeupe kwa jua. "Yuko wapi?"

"Behewa la tisa."

Walipofika, grisi ilikuwa inafuka moshi. Zahoro akatemea mate kwenye chuma, yakachemka na kukauka papo hapo.

"Lahaula!" Akaketi kwenye kokoto. "Hili ningefika nalo Mombo kweli?"

Yudith akaikunja bendera.

Walilifungua behewa kutoka kwenye treni, wakaliacha reli ya pembeni. Aliporudi ofisini, redio ilikuwa inamwita.

"Treni imesimama kwa nini?"

"Ng'ombe, bosi."

"Aa, hao ng'ombe! Basi sawa."

Yaani kirahisi hivyo. Kwenye reli hii ng'ombe husimamisha treni kila mara, na hakuna aliyewahi kuandikiwa barua kwa ajili yao. Mtambo wa mamilioni haukuaminiwa, lakini ng'ombe asiyekuwepo aliaminiwa bila kuulizwa hata rangi.

"Ila mwenye mali lazima akamatwe," Edgar aliendelea. "Si yule mzee Nikodemo wa hapo jirani? Natuma askari sasa hivi wamchukue na ng'ombe wake."

Yudith akachungulia dirishani. Ng'ombe wa mzee Nikodemo walikuwa zizini kwao, wanatafuna mabua ya mahindi, hawana habari.

"Bosi, subiri. Nikodemo hahusiki."

"Kumbe wa nani?"

"Wa kampuni."

"Unasemaje?"

"Ng'ombe ni wa kampuni. Mlimfunga wenyewe kando ya reli, mkamkatia na utepe. Leo kalia, mimi nimemsikia. Behewa liko hapa, bado linafuka. Njoo ulishike kwa mkono wako."



"Kesho asubuhi nakutaka Tanga," Edgar alisema. "Uje na funguo za ofisi."

"Nitakuja," Yudith alijibu. "Ila nitakuja na basi."

Akaiweka redio chini. Akaupandisha mtambo sauti mpaka mwisho, kisha akauvuta uji wake uliopoa.