Udongo Mtamu

Begi la mkwe lilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Mama mkwe alishasema lake: miaka yote hii bila mtoto, basi, arudi kwao, mwanawe aoe mwingine. Na huyo mama akisema, jamani, hata redio inazimwa.

Mume wa huyo mama, fundi betri mstaafu, alikaa kwenye kochi akiangalia viatu vyake. Hakuwa na hasira wala huzuni. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya.

Mwana na mkewe wakarudi kutoka hospitali.

"Mama, tatizo ni langu," mwana akasema, macho chini. "Mbegu hazipo. Daktari kauliza habari za ile korodani iliyogoma kushuka, mkanipeleka kupasuliwa utotoni. Anasema huenda yote yalianzia tumboni. Kauliza kama ulipata risasi ukiwa na mimba yangu."

"Risasi!" Mama akapiga makofi. "Nani kanipiga risasi mimi? Huyo daktari kalewa?"

Fundi hakucheka. Risasi aliijua. Ndiyo madini aliyokuwa akiyatoa kwenye betri chakavu za magari, akiyayeyusha kwenye sufuria nyuma ya karakana. Vumbi lake likiingia mdomoni lilikuwa na utamu utamu. Mafundi walitaniana kwamba chai yao haihitaji sukari.

"Hebu niache," Mama akaendelea, akimgeukia mkwe kwa hadithi ambayo nyumba nzima iliijua. "Mimba ya huyu niliibeba raha mustarehe. Nilishikwa na hamu ya udongo, basi kila jioni baba yake ananiletea, kaufunga kwenye gazeti. Wenzangu wanafokewa, mimi naletewa! Na mtamu, weee! Sijapata tena udongo kama ule. Haya, na wewe mumeo umemzalia nini?"

"Mama, si nimekwambia ni mimi?" mwana akasema.

"Wewe nyamaza. Madaktari wanakosea kila siku."

Mkwe akasogea mlangoni. Akainama, akashika mikanda ya begi.

Hapo fundi akainuka. Akamnyang'anya begi taratibu, akaliweka chumbani kwa mwana na mkewe, akarudi.

"Mzee, usiniingilie," Mama akamwambia.

"Udongo ule niliuchota pale pale chini ya sufuria," akasema. Sauti ilitoka kavu, kama anamtajia mteja betri iliyokufa. "Nilikuwa natoka kazini nimechoka, sikutaka kwenda mbali. Ndiyo maana ulikuwa mtamu. Ilikuwa risasi."

Alisimama akisubiri kitu kimuume. Hakuna kilichouma. Mwanawe alikuwa akimtazama, naye akamtazama, basi.

Mama alifungua mdomo amjibu. Ulimi ukapita juu ya midomo, polepole, kama unautafuta ule utamu. Kisha akaufunika mdomo kwa mikono yote miwili.