Nani Anamaliza Karanga?

"Mimi karanga sili," ndivyo Bi Karanga alivyopenda kumwambia kila mteja aliyekanyaga ua wake. "Muuzaji akianza kula, anakula mtaji. Hata nikiota nakula, naamka nikitema."

Aliyasema hayo kwa uso mkavu kiasi kwamba ungekwenda kumtolea ushahidi mahakamani.

Tatizo ni kwamba karanga zilikuwa zinaisha. Biashara yake ilikuwa siagi ya karanga: anazikaanga kwenye karai uani, anapepeta maganda kwa ungo, kisha wifi yake anazungusha mashine ya mkono mpaka zilainike na kuingia kwenye chupa. Hata zikiingia karanga nyingi, siagi inatoka pungufu. Na leo haikuwa siku ya mchezo. Mwenye duka la sokoni, mwanamke asiyecheka bure, alikuwa anakuja kuchukua katoni ya kwanza. Alishasema wazi: ijae, au nafasi kwenye rafu anapewa yule mama wa ng'ambo ya mto anayeuza asali.

"Wifi," Bi Karanga alianza, akikoroga karai, "mbona mdomo unang'aa?"

"Nimepaka mafuta. Midomo imepasuka."

"Mafuta ya karanga?"

"Hee! Ya mgando, wifi. Njoo unuse kama huamini."

Bi Karanga alirusha karanga mbili kinywani kuona kama zimeiva. Bado. Mumewe akawa anapita kwenda bombani.

"Baba watoto, simama hapo. Toa mifuko nje."

"Mifuko gani tena?"

"Ya suruali."

Mume akaipindua. Ukadondoka msumari, kipande cha kamba na vumbi la tangu mwaka juzi. "Mke wangu, nilikuwa mtu wa heshima kabla hujanunua hiyo mashine."

"Hiyo heshima ndiyo inayonitafunia?" Akaonja za pembeni, maana moto wa pembeni hauaminiki. Akaonja za katikati, zisije zikaungua. Kisha akala zilizobaki kiganjani. Sasa angezirudishaje karaini na jasho lote lile?

Akabaki mtu mmoja: mama mkwe, aliyekaa mkekani akichambua karanga mbovu.

"Mama, samahani, sisemi kwamba ni wewe..."

"Sema, mwanangu, unaogopa nini?" Bibi akaachama. Fizi tupu, laini kama kiganja cha mtoto mchanga. "Ingia utafute. Ukikuta jino humo niite, na mimi nalitafuta."

Wifi alicheka mpaka mpini wa mashine ukamponyoka.

"Chekeni!" Bi Karanga alifoka. "Vinywa vyote vya nyumba hii ni vyenu, kazi ndiyo yangu peke yangu!"

Saa ya kujaza ikafika. Chupa ya mwisho ikaishia nusu. Akaigonga mezani, akakwangua mashine kwa mwiko. Nusu ile ile. Akakimbilia karai kuchota zilizosalia chini, zisagwe haraka za kujazia. Akaonja kwanza, isije ikawa ni zile zilizoungua.

Hapo ndipo mwenye duka alipoingia uani. Akainua ile chupa, akaitazama juani.

"Hii nayo?"

Bi Karanga akanyanyuka mbio. "Dada yangu, nyumba hii ina mwizi! Mimi mwenyewe naapa, tangu nianze kazi hii sijawahi hata kutia moja mdom—"

Chembe ya karanga ikaruka, ikatua kwenye blauzi ya mwenye duka. Wote wakaikodolea macho.

Mwenye duka akaikung'uta kwa kidole. "Angalau imekaangwa vizuri."

"Nilikuwa naonja tu."

"Anaonja tangu alfajiri," mama mkwe alisema kutoka mkekani, bila kuinua macho kwenye karanga zake. "Nikasema acha amalize msako kwanza."

Mwenye duka akafunga katoni. "Nachukua. Hiyo nusu iletwe kesho imejaa, la sivyo rafu naipa asali. Na kuanzia leo, kwenye karai akae huyu mama." Akamwonyesha bibi kwa kidevu. "Hana meno."