Shangazi Aliyeacha Kugomba

Shangazi yangu alikuwa na duka la mapazia, na wateja walimwita Hakimu. Hakuwa na dogo. Pindo likienda kombo kidogo tu, alilifumua mbele ya aliyelishona, na mara nyingi aliyelishona nilikuwa mimi.

Asubuhi moja, akipima kitambaa, mkasi ulimdondoka na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Tulimkimbiza hospitali. Baada ya wiki kadhaa mkono ulirudi, ulimi ukarudi, akaanza kutembea mwenyewe.

Ila alirudi mpole. Mteja mmoja alikata pazia lake mwenyewe, kisha akaja kudai tulikosea kipimo. Nikasubiri moto uwake.

"Mshonee lingine," shangazi akasema, akaendelea kutazama ukuta.

Mumewe alifurahi waziwazi. "Amepoa bwana! Mwache hivyohivyo."

Mimi sikutulia. Si kwamba niliukosa ukali wake, Mungu aniepushe! Nilitaka tu kujua umekwenda wapi. Nikashona pindo la ovyo makusudi, nikamtandazia mezani.

"Unalionaje, shangazi?"

"Limepinda."

"Nilifumue?"

"Ukipenda."

Kumbe aliliona vizuri tu! Ila halikumkera.

"Una huzuni?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Una furaha?"

Akafikiri. "Hapana."

Hapo nikamng'ang'ania mumewe mpaka tukaenda kliniki. Daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, alimwuliza shangazi kuhusu usingizi, chakula na mawazo yake, kisha akafungua picha ya ubongo kwenye kompyuta. Akatuonyesha doa dogo kama punje ya dengu.

"Hapo ndipo hasira inapokaa?" nikauliza.

Akacheka. "Hasira haina chumba chake. Sehemu za ubongo hufanya kazi kwa kupashana habari, na doa hili limekaa njiani. Hata sehemu ambazo hazikuguswa zinaweza kukosa habari za wenzake. Nadhani ndicho kilichompata, ingawa mengi bado tunayatafuta."

"Kwa hiyo hajapoa?" mumewe akauliza.

"Huku si kupoa, baba. Anaumwa. Tutamtibu, ila siwezi kukuahidi atarudi kama zamani."

Mume akamshika mkewe mkono.

Shangazi alipewa vidonge na mazoezi, nasi tukapewa agizo lililonishangaza: tusimngojee apate hamu ndipo afanye jambo. Aanze kufanya, huenda hamu ikamfuata. Basi kila siku nilimwekea vitambaa achague. Kuna siku alichagua, na kuna siku hata hakuvigusa. Miezi ikapita hivyo, hadi siku moja akasukuma kimoja pembeni. "Hiki kibaya."

Nikavuta kiti. "Ulikuwa unajisikiaje siku zile?"

"Nilikuwa nasikia njaa," akasema polepole, "lakini kama njaa ya mtu aliye chumba cha pili. Naijua ipo, hainihusu."

Hakurudi mzima kabisa. Bado huchoka mapema, na kuna siku huketi tu. Lakini tuliporudi kliniki alimwomba daktari amfungulie ile picha, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Na haya mapango meusi katikati?"

"Ni nafasi zenye majimaji. Kila mtu anazo."

"Kila mtu?" Shangazi akamgeukia mumewe, akamkagua kichwa kutoka sikio hadi sikio. "Hata huyu?"