Tumbo la Ng'ombe wa Mama Rahima

Nani anakula bila kutafuna, halafu anatafuna bila kula? Fikirini, wajukuu. Wewe unayecheka, usimwibie mwenzako jibu.

Ni ng'ombe. Anameza majani haraka haraka kama mtu aliyeiba, halafu anaenda kulala, anayarudisha kinywani, ndipo anatafuna. Kwa hiyo akimeza kitu kibaya, ulimi wake haumwambii neno. Tumbo ndilo litakuja kumwambia.

Mama Rahima alikuwa na ng'ombe mmoja, Maua, hapa hapa Kolwezi, kwenye avenue yetu, mtaa huu. Rahima ni mjane. Marehemu bwana yake, mtu wa Kasongo, aliendesha malori mpaka Dilolo. Maziwa ya Maua ndiyo yaliingia kwenye chai ya madereva wote wa barabara ya Mutshatsha, na Rahima alimpenda yule ng'ombe kuliko baadhi ya ndugu zake. Sisemi ni ndugu gani.

Jirani yake alikuwa tata Kisimba, muuzaji wa mukuba, ile shaba yetu nyekundu. Alinunua waya za zamani, akachoma mpira wake, moshi mweusi ukaingia mpaka kwenye sufuria zetu. Halafu alizikatakata na kuziuza kwa wanégociant, wale madalali wa madini. Vipande vidogo alivifagia na kuvirusha ng'ambo ya senyenge, kwenye majani ya Maua.

Rahima alimwendea mara nyingi.

"Tata Kisimba, ng'ombe yangu anakulaka pale."

"Mama, mukuba haiue," Kisimba akamjibu, vijana wake wa kazi wakisikiliza. "Kama anakula mukuba yangu, atakunya utajiri. Uchambue mavi yake muzuri, uniletee. Nitakununulia."

Wakacheka wote. Rahima akarudi nyumbani na kicheko kile mgongoni.

Mvua zilipokuwa zinaisha, Maua akaacha kucheua. Alisimama amekunja mgongo kama bibi anayetafuta sindano, viwiko ameviachanisha na kifua, kama mtu anayeogopa kujigusa. Kupanda kilima alipanda. Kushuka kwenda mtoni alikataa, anaguna tu. Maziwa yakapungua, halafu yakakatika.

Rahima akamwita Stéphane, munganga wa nyama, daktari wa mifugo. Stéphane akamfinya Maua ngozi ya mgongo, pale juu ya mabega, na Maua akaguna kama mzee anayeamka. Akampima joto, akasikiliza tumbo lake.

"Amemeza kitu ya ukali," akasema mwishoni. "Imetoboa mufuko wa tumbo. Ndani muko kangozi kembamba kenye kufunika matumbo yote. Njo kale sasa kanawaka, kamejaa usaha. Dawa haitamufikia tena, mama. Anateseka bule."

"Kitu gani?"

"Musumari, ao waya ya chuma. Ku mashamba makubwa banamumezeshaka ng'ombe sumaku, inabakia mu tumbo, inakamata chuma." Akatoa moja kwenye mkoba, nene kama kidole gumba. "Mukuba safi hapana. Mukuba safi ni laini, inapinda, na sumaku haiishike."

Rahima akaichukua ile sumaku kuitazama, na hakuirudisha. Alisimama akimkuna Maua nyuma ya sikio. Machozi hayakumtoka.

"Vumilia, mwanangu," akamwambia ng'ombe. "Tutamupata." Halafu akamgeukia Stéphane. "Kesho utamufungua mbele ya watu."

"Lakini nyama yake haiwezi kuliwa, mama. Ni ya kuzika."

"Hiyo usibaambie."

Asubuhi akaita avenue nzima. Nyama ikitajwa, nani anakataa? Jirani yetu Godelieve alikuja na beseni, na mi nikaja na beseni. Alimwita pia Mechack, négociant mmoja kijana. Huyu Mechack alikuwa amepeleka mukuba ya Kisimba kwenye depot, ghala la wanunuzi wakubwa, ikakutwa imechanganywa na chuma, akafukuzwa pale akiitwa mwizi. Alipokuja kulalamika, Kisimba aliapa njiani, nje ya ua wake, mbele yetu sote, kwa kaburi la mama yake: "Mu lupango yangu, chuma haiingie." Rahima alikuwa amesikia kiapo kile, akakiweka.

Kisimba naye alikuja. Beseni yake ilikuwa kubwa kuliko zetu.

Djafari, mchinjaji wa avenue, akamlaza Maua, akasema bismillahi, akachinja. Tumbo lilipofunguliwa, maji ya njano yakamwagika na harufu yake, wanawake wakafunika pua. Matumbo yalikuwa yameshikana kama bukari, ugali wetu, iliyokauka kwenye sufuria. Stéphane akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa ndani wenye ukuta kama sega la asali, akatafuta, akavuta. Waya, ndefu kama kidole, nyekundu.

Rahima akaiosha kwa maji, akaiinua.

"Hii waya ni ya nani?"

Watu wakamtazama Kisimba. Kisimba akatazama mawingu.

"Mama, Kolwezi nzima ni mukuba. Hata mutoto anaokotaka."

"Sikuulize Kolwezi. Nimeuliza ni ya nani."

Akafungua kiganja cha pili, sumaku ilikuwa ndani yake. Waya ikaruka, ka! Ikashika.

"Ee," Godelieve akasema, "mukuba gani hii yenye kupenda sumaku?"

Stéphane akaikwangua kwa kisu. Nje nyekundu, ndani kijivu. Chuma kilichovishwa mukuba.

Mechack akaichukua sumaku mkononi mwa Rahima, akaingia kwenye lupango ya Kisimba, na hakuna kijana wa kazi aliyethubutu kumzuia. Aliporudi, sumaku ilikuwa imeota ndevu za vipande vyekundu. Akaenda kusimama nayo mlangoni pa ua wa Rahima.

"Bale batoto benye kuniletea waya, njo banadanganya," Kisimba akasema.

"Sawa, tata, chagua," Rahima akasema, kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai. "Ukisema si yako, basi miaka yote hii unauza mukuba na hauijue, na Mechack atabaambia benzake bote kama Kisimba ni kipofu. Ukisema ni yako, basi ni wewe uliniulia ng'ombe, na ni wewe ulimufanya huyu kijana aitwe mwizi. Njia ya tatu nimeitafuta vizuri. Nilitaka kujua kama iko, niifunge."

"Nitakuletea ng'ombe mwingine, mama."

"Sitake ng'ombe. Nataka jibu."

"Tumuzike kwanza huyu. Ananuka."

"Hatumuzike mpaka ujibu."

Tukakaa. Jua likapanda, nzi wakaja, Maua amelala wazi kati ya wale wawili. Mtu asingeweza kula nyama ile, na bado hakuna aliyeondoka. Nasema kweli, mi sikuwahi kuona harufu mbaya ikivumiliwa kwa hamu namna ile. Kisimba alitazama mlango, akamkuta Mechack. Akatazama vijana wake wa kazi, nao wakatazama miguu yao. Rahima alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, kama mtu anayesubiri maharage yaive, na hakuna anayejua kusubiri maharage kama mwanamke aliyechekwa.

"Hii waya ni ya nani, tata?"

Kisimba akaiweka chini beseni yake kubwa.

"Yangu," akasema. "Ni yangu, mama Rahima. Na nilijua ndani ni chuma."